Dawa ya huzuni haiachwi kwa siku moja



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, vumbi la shimo, maji safi na chandarua cha watoto. Leo tunaleta somo ambalo watu hawapendi kulisema kwa sauti: namna ya kuacha dawa za ugonjwa wa huzuni nzito, ule ambao wanganga wanauita depresio.

Wapo kati yetu wanaomeza dawa hizo. Wengine wanazimeza kwa kujificha, kwa kuogopa maneno ya watu. Somo hili ni lao, lakini ni letu sote pia. Mtu anayeendesha mashine akiwa hajalala usiku tatu hahatarishi maisha yake peke yake.

Tuanze na jambo lililotokea. Mwenyewe ameniruhusu kulieleza, bila jina.

JUMA LA DEREVA MMOJA

Kulikuwa dereva wa kamio kubwa, yale yanayobeba mawe ya shaba kutoka chini ya kariere. Alifiwa na mtoto. Kilio kiliisha, jamaa walirudi kwao, lakini huzuni haikuisha. Miezi ilipita. Hakulala, hakula vizuri, alikonda, na ndani ya bisi ya wafanyakazi alikaa kimya kama mgeni. Mke wake alimleta hopitali. Munganga alimpa amitriptilini, vidonge 2 vya miligramu 25 kila usiku. Baada ya majuma machache usingizi ulirudi, kisha hamu ya kula, kisha kicheko. Alikaa miezi 10 akiwa mzima.

Siku moja mwenzake wa kazi aliona pakiti katika mfuko wake, akacheka: «Bwana, wewe unakunywa dawa za vichaa?» Jioni ile baba huyo aliweka vidonge juu ya kabati na hakuvigusa tena. Hakumwambia mtu, hata mke wake.

Siku ya 3 alikuja kwangu dispanseri. Kichwa kinamuuma, jasho linamtoka, baridi inamshika, tumbo linaharisha, viungo vinamuuma, ametapika mara 2. Katika nchi yetu, nani asiyejua jina la ugonjwa huo? Mimi pia nilisema moyoni: malaria. Tulipima damu, hakuna kitu. Nilimpa parasetamoli na siku moja ya kupumzika. Sikumwuliza swali moja: «Baba, ni dawa gani unameza kila siku, na je, umeacha moja?» Swali hilo lingechukua nusu dakika.

Siku ya 5 aliingia posti ya usiku. Katikati ya usiku, akishuka na kamio tupu, kichwa kilizunguka na njia akaiona imeinama. Alifanya jambo jema: alisimamisha kamio, akafunga breki, akaita shefu kwa redio na kusema, «Siwezi kuendelea.» Hakuna aliyeumia. Lakini kila mtu aliyesimama kando ya magurudumu ya kamio lile anajua ni kitu gani kilitupita karibu.

Asubuhi mke wake alikuja dispanseri, amefunga kitu katika kona ya kitenge. Alifungua mezani. Vilikuwa vidonge.

«Munganga,» akasema, «mwezi huu walimpa vinini sitini. Jumatatu nilivihesabu: arobaini na nane. Leo nimehesabu tena: arobaini na nane. Mimi nilifikiri ile huzuni imemrudia, nilikuwa ninalia peke yangu jikoni. Lakini hesabu hii inasema kitu kingine.»

Mama huyo hakusoma shule ya uganga. Lakini asubuhi ile alikuwa munganga kunizidi mimi.

Munganga mkubwa alimwondoa baba huyo kwenye kamio kwa muda, akamrudishia dawa yake kama zamani. Baada ya siku 3 jasho lilikauka, tumbo lilitulia, akalala. Haikuwa malaria. Haikuwa pia ile huzuni ya kwanza. Ulikuwa mwili uliolalamika kwa sababu dawa iliondolewa kwa ghafula.

DAWA HIZI ZINAFANYA NINI?

Katika ubongo, mishipa ya fahamu inapelekeana habari kwa kutumia vitu vidogo sana, kama wajumbe. Wajumbe wawili kati yao wanaitwa serotonini na noradrenalini. Amitriptilini inawafanya wajumbe hao wakae kazini kwa muda mrefu zaidi. Dawa nyingine, kama fluoksetini, zinamshughulikia hasa serotonini.

Kwa kuwa dawa inamezwa kila siku, miezi na miezi, mwili unaizoea na kujipanga nayo. Amitriptilini inafanya jambo jingine tena: inapunguza nguvu ya mjumbe mwingine, anayeamrisha mate, jasho na mwendo wa matumbo. Ndiyo maana wanaoimeza wanasikia kinywa kimekauka na choo kinakuwa kigumu. Ukiitupa kwa siku moja, mjumbe huyo aliyekuwa amezuiwa anarudi kwa nguvu nyingi: jasho, kichefuchefu, kuharisha. Ni kama mlango uliosukumwa na watu wawili toka pande mbili. Mmoja akiruka kando kwa ghafula, mwingine anaanguka ndani.

Wafanyakazi wa chini ya udongo wataelewa upesi. Nguzo zinashikilia paa la njia. Siku ya kuziondoa ikifika, hakuna fundi mwenye akili anayezing'oa zote kwa mara moja. Anahakikisha kwanza kwamba udongo umeshikwa. Anaondoa moja, anarudi nyuma, anasikiliza. Paa likikaa kimya, anaondoa ya pili. Likilia, anarudisha nguzo na kungojea. Dawa ya huzuni inaachwa kwa namna hiyohiyo.

DALILI ZA KUACHA DAWA

Dalili hizi huanza mara nyingi katika siku chache za kwanza baada ya kuacha au kupunguza sana:

– kichwa kuuma, kizunguzungu;
– jasho na baridi, viungo kuuma kama mtu mwenye mafua;
– kichefuchefu, kutapika, kuharisha;
– kukosa usingizi, au kuota ndoto nzito zenye kutisha;
– hasira ya upesi, wasiwasi, kutotulia, machozi bila sababu.

Kwa dawa nyingine, kama paroksetini na venlafaksini, watu wengi wanaeleza pia kitu kama umeme unaopita haraka kichwani. Kinashtua, lakini hakionyeshi kwamba ubongo umeharibika. Fluoksetini inatoka mwilini polepole sana, kwa hiyo dalili zake zinaweza kuchelewa majuma kadhaa, wakati mtu ameshasahau kwamba aliacha dawa.

Je, kila mtu atapata dalili hizi? Hapana. Mwaka 2024 wanganga wa Ujerumani walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi na kuyatangaza katika gazeti la uganga The Lancet Psychiatry. Kati ya watu walioacha dawa hizi, karibu 1 kati ya 3 alisikia dalili. Lakini hata kati ya wale waliokuwa wanapewa vidonge visivyo na dawa ndani, karibu 1 kati ya 6 alisikia dalili pia alipoacha. Maana yake hofu yenyewe inaweza kuleta sehemu ya mateso. Wale walioteswa sana walikuwa wachache, karibu 3 kwa 100. Basi tusitishane, lakini tusidharau. Kwa watu wengi dalili hupita katika juma 1 au 2. Kwa wengine zinaendelea majuma mengi, hata miezi, na hao si waongo wala wavivu.

MASWALI MATATU YA NYUMBANI

Swali la 1: Je, ni malaria?

Inaweza kuwa malaria. Kupunguza dawa hakumzuii mbu kukuuma. Ukiwa na homa, njoo upimwe damu, usijipime kwa mawazo. Ila mwambie anayekupima: «Mimi ninameza dawa fulani, nimeipunguza siku fulani.» Hii ina faida ya pili. Dawa kadhaa za malaria, kama kinini yenyewe na ile ya artemeteri na lumefantrini, zinagusa mwendo wa moyo, na amitriptilini nayo inaugusa. Munganga anapaswa kujua yote mawili kabla ya kuandika dawa.

Swali la 2: Je, ugonjwa wa huzuni umerudi?

Hapa wengi wanakosea, na kosa hilo linavunja moyo. Angalia mambo matatu. Kwanza, wakati: dalili za kuacha dawa zinakuja upesi, siku chache baada ya kupunguza, huzuni yenyewe inarudi polepole, baada ya majuma au miezi. Pili, mwili: kizunguzungu, jasho, kutapika, umeme kichwani si tabia ya huzuni ya kawaida. Tatu, nafuu: ukirudishwa kwenye kipimo cha nyuma, dalili za kuacha mara nyingi zinatulia katika siku chache, ugonjwa wa huzuni unahitaji majuma kabla ya kupata nafuu. Lakini usikate hukumu peke yako. Yote mawili yanaweza kufuatana, na munganga yupo kwa kazi hiyo.

Swali la 3: Je, nimekuwa mtumwa wa dawa?

Dereva wetu aliniuliza hivyo: «Basi nitakunywa vinini hivi mpaka kufa?» Nilimjibu: hapana, baba. Mlevi wa lutuku anatafuta lutuku, leo kilauri kimoja, kesho viwili, anauza hata shuka. Wewe hukuwahi kutamani vidonge hivi, wala kuongeza hesabu yake, wala kuiba feza ya chakula juu yake. Mwili wako umezoea dawa, na kitu kilichozoeleka kinaachwa kwa hatua. Si utumwa, na si aibu.

NAMNA YA KUSHUKA NGAZI

Kwanza kabisa, ni lazima wakati uwe umefika. Kujisikia vizuri ni habari njema, lakini mara nyingi ni dawa inayofanya kazi yake. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri dawa iendelee miezi 9 mpaka 12 baada ya dalili kwisha, kisha ipunguzwe polepole, kwa muda usiopungua majuma 4. Watu wengi wanahitaji muda mrefu kuliko huo, hasa waliomeza dawa kwa miaka.

Pili, chagua majira mazuri. Usianze kupunguza wakati wa kilio, wakati wa ugomvi mkubwa nyumbani, wakati wa kuhama nyumba, au mwezi ambao feza ya masomo ya watoto inakunyima usingizi. Usianze pia siku ya kwenda konje katika kijiji ambacho dispanseri iko mbali. Na kama unasafiri, hesabu vidonge vya siku zote za safari na uongeze vya juma moja, maana gari linaweza kuharibika na barabara inaweza kukatwa na mvua.

Tatu, shuka ngazi moja, simama, sikiliza. Dereva wetu alianza tena na miligramu 50. Munganga alimteremsha hadi vidonge 1 na nusu kwa majuma 4, kisha kidonge 1 kwa majuma 4. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Alipofika kwenye nusu kidonge, usiku wa 3 usingizi ulikatika na jasho likarudi. Safari hii hakujificha. Alikuja asubuhi pamoja na mke wake. Munganga alimrudisha kwenye kidonge 1 kwa majuma 3. Kisha tulipata vidonge vidogo vya miligramu 10: 2 kila usiku kwa majuma 4, halafu 1 kwa majuma 4, halafu basi. Kazi yote ilichukua karibu miezi 5.

Mtu anaweza kucheka: miezi 5 kwa vidonge 2! Lakini angalia mahali alipokwama: si juu, ni chini, karibu na mwisho. Hii si ajabu. Mwaka 2019 wanganga wawili wa London, Mark Horowitz na David Taylor, walieleza jambo hilo kwa dawa za aina ya fluoksetini na paroksetini. Kipimo kidogo kinafanya kazi kubwa katika ubongo kuliko tunavyofikiri. Kutoka kingi kwenda nusu, ubongo unasikia kidogo. Kutoka kidogo kwenda sifuri, unasikia sana. Ndiyo maana ngazi za mwisho zinapaswa kuwa fupi, na mtu azishuke taratibu kuliko zile za kwanza.

Kumbuka: hesabu hii ni ya mtu mmoja. Usiikate katika gazeti na kuifuata. Yako ataiandika munganga wako, kufuatana na dawa yako, muda wako na mwili wako.

Nne, usifanye makosa haya:

– Usimeze leo ukaruke kesho kwa kufikiri unapunguza. Unaupandisha na kuushusha mwili kila siku.
– Usikate wala kufungua kidonge bila kuuliza. Vingine vimetengenezwa ili viyeyuke polepole, ukivikata unavunja kazi yake.
– Usitafute usingizi katika lutuku au bia. Pombe inalaza kwa saa chache, kisha inaamsha na wasiwasi.
– Usinunue Valium au tramadoli barabarani. Valium inaleta mazoea yake yenyewe, magumu kuyaacha. Tramadoli pamoja na dawa za huzuni inaweza kuleta kifafa.
– Usimpe jirani vidonge vilivyobaki, hata kama anasema ana huzuni kama yako.

Tano, wale wanaomeza amitriptilini kwa sababu ya maumivu ya mishipa au ya kichwa, si kwa huzuni, wajue kwamba somo hili linawahusu pia. Mwili haujui sababu iliyoandikwa kwenye karatasi. Unajua dawa tu.

KAZINI

Ndugu dereva, ndugu wa mashine, ndugu wa umeme, nanyi mnaopanda juu: kabla ya kupunguza kipimo, pita dispanseri. Tunaweza kukuandikia kazi nyepesi ya mchana kwa siku zile za kwanza baada ya kila ngazi. Kukosa usingizi kwa sababu ya dawa na kufanya posti ya usiku ni mizigo miwili kichwani pa mtu mmoja.

Mnauliza: je, shefu atajua ugonjwa wangu? Hapana. Karatasi tunayompa inasema kazi ambayo huwezi kufanya na kwa siku ngapi. Haisemi ugonjwa wala dawa. Hiyo ni siri ya hopitali, nasi tunaishika.

Kama kizunguzungu kinakukuta kazini, fanya kama yule dereva: simamisha, funga breki, ita. Hakuna tani ya mawe inayostahili uhai wa mtu. Nawe mwenzake, usicheke dawa ya mtu. Kicheko kimoja ndicho kilichoanza hadithi hii. Ukiona rafiki yako amebadilika, mwulize pembeni: «Ndugu, unalala?»

NYUMBANI

Mama, wewe unaona mambo ambayo sisi hatuyaoni dispanseri. Mumeo akikubali, hesabu vidonge pamoja naye kila Jumapili. Usihesabu kama polisi. Hesabu kama mnavyohesabu pamoja feza ya mwezi. Na kama ni wewe mama unayemeza dawa, bwana wako afanye vilevile, na asiseme kwamba ni ugonjwa wa wanawake.

Chukueni kaye ya mtoto ya kurasa chache. Kila jioni andikeni mistari 3 tu: nimemeza ngapi, nimelala namna gani, mwili na moyo vinasema nini. Baada ya juma mtaona kama mambo yanapanda au yanashuka, na munganga atasoma kwa dakika moja yale ambayo ungesahau kumwambia.

Siku za dalili, fanyeni mambo madogo. Kama tumbo linakataa, kula bukari kidogo mara nyingi, usingoje sahani kubwa ya jioni. Kunywa maji, hasa kama unaharisha au unatoka jasho. Kahawa iwe ya asubuhi tu. Lala na amka saa zilezile. Tembea dakika 30 wakati jua limepoa. Ndoto mbaya ikikuamsha, washa taa, kaa kitako, jiambie: «Ni dawa inayotoka. Itapita.» Hasira ikija, toka nje kidogo kabla ya kujibu. Waelezeni na watoto wakubwa: «Baba ana siku ngumu, si ninyi mliomkosea.»

Jamaa wakisema amelogwa, msigombane nao. Waambieni siku aliyopunguza dawa na siku dalili zilipoanza. Tarehe mbili hizo zinafundisha kuliko maneno mengi. Na wale wanaosali, wasali. Sala haikatazwi katika hopitali yoyote. Lakini mtu akikuambia utupe vidonge leo ili kuonyesha imani, mwombe kwanza aje kuzungumza na munganga.

Neno la mwisho juu ya nyumba: amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja inaweza kusimamisha moyo. Kwa mtoto mdogo hata vidonge vichache ni hatari kubwa. Fungia dawa mahali pa juu, na vilivyobaki virudishwe dispanseri.

SIKU YA KUKIMBIA HOPITALI

Usingoje kesho, hata kama ni usiku, ukiona moja ya mambo haya:

1. Mtu anasema anataka kufa, au anaaga watu, au anagawa vitu vyake.
2. Anasikia sauti zisizokuwapo, au haelewi tena alipo.
3. Halali kabisa siku kadhaa na hachoki, anaongea bila kukoma, anatumia feza ovyo.
4. Ameanguka kifafa, au amezimia, au moyo unapiga vibaya.
5. Anatapika mpaka hawezi kushika hata maji.

Katika jambo la kwanza, msimwache peke yake hata dakika moja, na ondoeni vidonge, sumu na kamba karibu naye. Kumwuliza mtu kama anafikiri kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi kunamfungua kinywa.

TUKUMBUKE

Msomaji, kabla ya kufunga ukurasa huu, jibu mwenyewe maswali haya, kisha mwulize mwenzako wa nyumbani:

– Kwa nini dawa ya huzuni haiachwi kwa siku moja?
– Ni mambo gani matatu yanayotofautisha dalili za kuacha dawa na ugonjwa unaorudi?
– Ngazi zipi zinahitaji uvumilivu zaidi, za juu au za chini?
– Nikienda kupimwa malaria, nitamwambia nini anayenipima?

Dereva wetu amerudi kwenye kamio lake. Anakumbuka mtoto wake kila siku, na hakuna dawa ya kufuta hilo, wala haihitajiki. Lakini analala, anakula, na jioni anasikika akicheka uani. Kaye yake imebaki dispanseri. Aliniachia mwenyewe, akasema niwaonyeshe wengine kwamba kati ya kurasa zake zote mbaya hazifiki kumi.

Nami tangu juma lile nimeandika swali moja kwa herufi kubwa juu ya meza yangu, ninalisoma kila anapoingia mgonjwa: DAWA GANI UMEACHA? Ukifika na sikukuuliza, niambie wewe mwenyewe.

Msaidizi wenu wa munganga